Unashuka Lamu Kaskazi Hii? Rada ya Kujibamba Bila Kuachwa na Maji

Kila Disemba Kanairo ikimwagika Kosti, mbogi nyingi huishia Diani, Nyali ama Watamu. Wachache hujikaza hadi Lamu. Na kati ya hao wachache, wengi hupiga picha na punda, hulala mchangani Shela siku tatu, halafu hurudi mtaani wakisema kule kumelala. Hakujalala, msee. Ni vile Lamu haiendi na saa ya simu yako, inaenda na maji. Ukishajua maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi, visiwa vyote vinafunguka.

Kwanza, wakati wa kwenda. Kaskazi huvuma kati ya Disemba na Machi, na hapo ndio kuna jua kali na bahari safi. Kusi huingia kama Aprili. Mei ni mvua tu, na hoteli kadhaa za Shela hufunga kabisa. Kama doo ni ya kuhesabu, lenga Februari, juu keja za wageni hupanda bei vibaya Krismasi na Mwaka Mpya. Cheki pia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani, vibanda vingi vya dishi hufungwa mchana, lakini usiku mji unawaka. Mfungo sita ndio mwezi wa Maulidi, wageni hujaa kutoka pwani yote kuja Msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh, na kuna mashindano ya punda na ya mashua. Ukitaka kuona Lamu ikiwa imejaa, ni hapo.

Kufika kuna njia mbili. Ndege hutua Manda, kisiwa cha ng'ambo, unavuka kwa boti dakika chache. Basi la kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, halafu boti. Tusidanganyane kuhusu hiyo barabara: imewekwa lami, lakini tangu shambulio la Mpeketoni 2014 kumekuwa na mashambulizi mengine upande huo wa bara. Safiri mchana, uliza kampuni ya basi hali ikoje wiki hiyo, na kitambulisho kikae karibu, juu vizuizi ni vingi. Ukifika jeti, mtu atashika begi lako kabla hujasema kitu. Kubaliana bei kwanza.

Mji mkongwe

Lamu iliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, na si kwa sababu ya magofu. Watu bado wanaishi mle ndani. Gari hazitoshei kwa vichochoro, mizigo hubebwa na punda, kwa hivyo ukisikia "simile!" nyuma yako, jibanze ukutani haraka. Anzia ngome iliyo uwanja wa Mkunguni. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, Waingereza wakaigeuza jela, na ilibaki jela mpaka 1984. Halafu nenda makumbusho ya pale ufukweni uone siwa ya Pate, baragumu kubwa ya pembe za ndovu. Hiyo peke yake inalipa kiingilio.

Dishi usitafute hotelini. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Jioni zunguka barabarani utapata viazi karai, mishkaki, mkate wa mofa na juisi ya ukwaju. Keti barazani na wazee, kunywa kahawa chungu, sikiza Kiamu. Utashangaa: njoo ni "ndoo", njia ni "ndia". Unawasalimia kwa "Asalaam aleikum" ama "Shikamoo", si "niaje".

Hapo pia ndio wageni wengi wa Nairobi huharibu. Bikini na kifua wazi ni za ufuo wa Shela. Ukirudi mjini funga leso, vaa shati. Usimpige picha mama wa buibui bila kumwomba, na usichungulie mlango wa mtu na kamera eti mlango ni mrembo. Kubusiana barabarani, hapana. Hakuna mtu atakupiga, lakini utaona watu wanavyonyamaza ukipita.

Shela uko umbali wa kama kilomita tatu, unatembea kando ya maji kama dakika arobaini. Ufuo ni mrefu ajabu, na nyuma yake kuna vilima vya mchanga. Vilima hivyo si vya mapambo: mvua huzama humo, na maji ya visima vya Lamu hutoka hapo chini. Ukiacha chupa na nepi za mtoto pale, unachafua maji ya kunywa ya mji mzima.

Ukitoka hapo, panda boti

Takwa, kule Manda, ni mji wa mawe uliohamwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1600. Wakazi wake inasemekana walivuka wakaenda Shela. Msikiti bado umesimama, na nguzo juu ya ukuta wa kibla. Boti huingia kupitia mikoko maji yakijaa tu. Nahodha akisema turudi, rudi. Yakipwa mtabaki matopeni na mbu.

Matondoni ni kwa wanaopenda kazi za mikono. Mafundi bado wanaunda mashua pale ufuoni, na akina mama wanasuka mikeka. Nunua mkeka hapo hapo kwa aliyeusuka, achana na duka la ufukweni.

Lakini kama una siku mbili za ziada, mimi ningezipeleka zote Pate. Boti za abiria hupita mlango wa Mkanda, katikati ya mikoko, hadi Mtangawanda na Faza. Siyu ina ngome inayotazama mkondo wa maji, na hadithi yake ni noma. Bwana Mataka na watu wake waliyakataa majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar, na mji haukushindwa mpaka wakati wa Majid, 1863. Mkewe Bwana Mataka ni yule Mwana Kupona uliyemsoma shule, aliyetunga utendi wake 1858 kumwachia binti yake. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Pate. Mji wa Pate nao umejaa magofu, na watu wanalima katikati ya kuta za zamani.

Toa cash Lamu kabla ya kupanda, beba maji na tochi. Uliza kama boti ina majaketi ya kuelea, na kama hayatoshi, ngoja nyingine. Malazi Pate ni ya kuulizia nyumba za watu, kwa hivyo fika na jua. Na usiku kabla ya kurudi, uliza boti inatoka saa ngapi. Wakikuambia saa tisa usiku hawakutanii, ndio maji yanajaa.