Lugha ya Sharti: Historia ya Vigezo vya Kiufundi katika Mikataba ya Ujenzi Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Vigezo vya kiufundi ni sehemu ya mkataba wa ujenzi inayoeleza ubora wa vifaa, namna ya kufanya kazi na majaribio yatakayothibitisha kwamba kazi imefanyika ilivyotakiwa. Michoro huonyesha umbo na ukubwa. Jedwali la kazi na bei huonyesha wingi na gharama. Ubora husemwa kwa maneno. Kwa hiyo vigezo ni sehemu ya mkataba inayotegemea lugha kuliko nyingine. Makala haya yanafuatilia safari ya sharti la kiufundi katika Afrika Mashariki na kutetea hoja moja: sharti hilo limehama kutoka kwenye jina la kifaa hadi kwenye kitabu cha lugha ya kigeni, ilhali utekelezaji wake umeendelea kufanyika kwa Kiswahili. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa orodha ya istilahi peke yake. Linahitaji usanifishaji wa lugha ya kuamuru.

2.0 Sharti lililobebwa na jina

Katika miji ya mawe ya pwani, kama Lamu na Unguja, kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zilibebwa na miti ya mikoko. Miti hiyo iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na ilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Aliyeagiza korija ya boriti hakulazimika kueleza unene unaotakiwa, kwa kuwa jina la biashara lilikuwa limekwisha kuutaja. Urefu unaotumika wa boriti nao uliweka mpaka wa upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, vyenye upana wa takriban mita 2.5 hadi 3. Miti hiyohiyo ilisafirishwa hadi Uarabuni na Ghuba ikiwa na madaraja yake. Muuzaji, mnunuzi na fundi walishiriki msamiati mmoja, na sharti la ubora lilikaa ndani ya msamiati huo.

3.0 Sharti linaingia kitabuni

Ujenzi wa Reli ya Uganda, ulioanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwaka 1901, ulileta utaratibu mwingine. Upana wa njia uliwekwa kuwa mita 1, kama ilivyokuwa katika reli nyingi za India, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka huko. Vipimo vilikuwa vimeamuliwa mbali na mahali pa kazi.

Mwaka huohuo wa 1901 kamati ya viwango vya kihandisi iliundwa Uingereza, na mwaka 1904 ikatoa kiwango cha kwanza cha nchi hiyo cha saruji ya Portland. Tangu hapo mwandishi wa vigezo angeweza kuandika sentensi moja tu: saruji ifuate kiwango fulani. Maelezo marefu yakafupishwa kuwa namba. Faida yake ilikuwa kubwa kwa usawa wa biashara, lakini sharti lenyewe sasa lilikaa katika kitabu cha pili ambacho msimamizi wa kazi huenda asikione kamwe.

Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, lilianzishwa mwaka 1913 na kutoa masharti yake ya kwanza ya mkataba wa kazi za uhandisi mwaka 1957, likifuata kielelezo cha Kiingereza. Katika toleo la mwaka 1999, kifungu cha 1.4 kinataka mkataba utaje lugha itakayotawala endapo matoleo ya lugha mbalimbali yatahitilafiana, pamoja na lugha ya mawasiliano. Kifungu cha 6.8 kinataka wasimamizi wa kutosha wawe na ujuzi wa lugha hiyo ya mawasiliano. Hivyo mkataba unatambua kwamba lugha ni sehemu ya ubora, lakini takwa hilo linaishia kwa msimamizi. Anayechanganya zege hupokea sharti kupitia tafsiri ya mdomo, na tafsiri hiyo haiwekwi kwenye kumbukumbu yoyote.

4.0 Kazi moja, hesabu mbili

Ugumu huongezeka katika nchi jirani zilizorithi taratibu tofauti. Kwa mapokeo ya Kiingereza, zege lilielezwa kwa muda mrefu kwa uwiano wa ujazo: 1 kwa 2 kwa 4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Kwa mapokeo ya Kifaransa yanayofuatwa Kongo, Burundi na Rwanda, zege huelezwa kwa kilo za saruji katika mita moja ya ujazo, na kilo 350 ni kiasi kinachotajwa mara nyingi. Mchanganyiko wa 1 kwa 2 kwa 4 hubeba takriban kilo 300 hadi 320. Fundi anayetoka upande mmoja wa mpaka kwenda wa pili hukuta hesabu nyingine, na jina jingine pia: saruji, simiti, seminti, sima.

Kinachounganisha pande zote ni karai. Hata hivyo karai lililofurika na karai lililosawazishwa havina ujazo sawa, na mchanga mbichi huvimba kuliko mkavu. Sharti linalosema "karai moja" bila kusema "lililosawazishwa kwa ubao" limeacha ubora mikononi mwa mzoaji.

5.0 Tatizo la kuamuru

Istilahi zinaweza kukubaliwa na bado sharti likashindwa. Chukua sentensi hii: "Mkandarasi atamwagilia zege maji kwa siku 7." Kiambishi -ta- kinaweza kusomwa kama taarifa ya mpango, ahadi au amri. "Zege limwagiliwe maji" ni amri, lakini halimtaji mwenye wajibu. "Inapaswa" na "inatakiwa" katika mazungumzo ya kila siku huacha nafasi ya kusamehewa. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, hutenganisha daraja nne: takwa, pendekezo, ruhusa na uwezekano, kila moja na kitenzi chake. Kiswahili kinaweza kufanya vivyo hivyo: "sharti" pamoja na kitenzi cha dhamira tegemezi kwa takwa, "inashauriwa" kwa pendekezo, "inaruhusiwa" kwa ruhusa, na "inawezekana" kwa uwezekano.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina nguvu ambayo Kiingereza hakina. Kiingereza kinapotanguliza sifa moja mbele ya nomino mbili, msomaji anaweza kushindwa kujua kama sifa hiyo inahusu zote. Upatanisho wa ngeli huondoa shaka: "kokoto na mchanga uliooshwa" ni mchanga peke yake, "kokoto na mchanga vilivyooshwa" ni vyote viwili. Mizozo ya malipo imejengwa juu ya tofauti ndogo kuliko hiyo.

6.0 Hitimisho

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika ibara ya 137, uliagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Sheria ya Jumuiya ya viwango na upimaji ilipitishwa mwaka 2006. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda likafanya uamuzi kama huo mwaka 2022. Njia hizi mbili, ya lugha na ya viwango, zinapaswa kukutanishwa. Hatua ya kwanza ni ya gharama ndogo: kila mkataba wa umma uwe na kiambatisho cha Kiswahili chenye masharti yanayotekelezwa kwa mikono, kama vile uchanganyaji, umwagiliaji na ushindiliaji, kilichoandikwa kwa daraja nne za kuamuru na kwa vipimo vinavyopimika mahali pa kazi. Lugha inayotawala mizozo inaweza kubaki ileile. Lakini anayelaumiwa zege linapopasuka atakuwa amesoma kwanza alichoamriwa.