Walimu wa Jeanes wa Kabete

Mwaka 1907 Bibi Anna T. Jeanes wa Philadelphia, Marekani, alitoa dola 1,000,000 kwa ajili ya shule za watu weusi wa mashambani. Mwaka 1908 mwalimu Virginia Randolph akaanza kuzizungukia shule ndogo za Henrico, Virginia, akiwaonyesha walimu wenzake kazi papo hapo.

Tume ya Phelps-Stokes, iliyokuwa na Dakta Aggrey, ilipita kwetu mwaka 1924, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete. Wanafunzi wake walikuwa walimu watu wazima, nao walikuja na wake zao na watoto. Mume alijifunza kuongoza walimu. Mke alijifunza ulezi, usafi na ushonaji.

Mwalimu wa Jeanes aliporudi wilayani hakuwa mkaguzi wa kuandika makosa na kwenda zake (hao twawajua). Alichimba choo pamoja na mwalimu mpya, akafundisha somo mbele yake, kisha akampa chaki naye ajaribu.

Wako waliosema kuwa elimu ya jembe ni hila ya kutunyima vitabu. Mimi siwalaumu, kwa maana shule za sekondari zilikuwa chache mno. Lakini ubaya ulikuwa katika uchache huo, wala si katika kumfundisha mwenzi kazini.

Mwaka 1961 mahali pale pakawa Chuo cha Utawala cha Kenya, ili maafisa Waafrika wajifunze kushika kazi za serikali.