Nani Mwenye Injini? Historia ya Nyenzo za Watengenezaji Huru wa Michezo ya Kompyuta

Mijadala kuhusu injini za michezo ya kompyuta kwa kawaida hujikita katika ubora wa picha, kasi na wepesi wa kujifunza, ilhali historia ya miaka 30 na ushei inaonyesha kwamba hatima ya watengenezaji huru, yaani watu binafsi na vikundi vidogo vinavyounda michezo bila fedha za kampuni kubwa, imeamuliwa na masharti ya leseni zaidi kuliko teknolojia yenyewe. Injini ya mchezo ni programu inayobeba kazi ambazo karibu kila mchezo huzihitaji, kama vile kuchora picha kwenye kioo, kutoa sauti, kupokea amri za mchezaji na kukokotoa jinsi vitu vinavyogongana au kuanguka, ili mtengenezaji abaki na kazi ya kubuni wahusika, mandhari na kanuni za mchezo wake. Kwa kuwa mchezo uliokamilika huenda sokoni ukiwa na sehemu ya injini hiyo ndani yake, mwenye injini huendelea kuwa na kauli juu ya kazi ya mwingine hata baada ya kazi hiyo kumfikia mnunuzi.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa kawaida kila mchezo kuandikiwa programu yake karibu tangu mwanzo. Mgawanyo uliozaa dhana ya injini ulidhihirika katika mchezo wa Doom, uliotolewa na kampuni ya Marekani ya id Software tarehe 10 Desemba 1993, ambamo mwandishi mkuu wa programu, John Carmack, alitenganisha programu inayoendesha mchezo na data zake, yaani ramani, picha na sauti, akaziweka data hizo katika faili za pekee zilizoitwa WAD. Wachezaji waliweza kubadilisha faili hizo na kujitungia ramani zao bila kuigusa programu, na wenye kampuni, badala ya kuwazuia, waliwaachia wafanye hivyo. Mgawanyo huohuo ulizaa biashara mpya, kwa maana programu iliyotenganishwa na data iliweza kukodishwa: kampuni ya Raven Software iliitumia injini ya Doom kuunda Heretic mwaka 1994, na Valve ikaichukua injini ya Quake, mchezo mwingine wa id Software, ikaifanyia mabadiliko makubwa na kuitumia katika Half-Life mwaka 1998.

Mwaka huohuo wa 1998 iliingia sokoni Unreal, mchezo wa kampuni ya Epic ya Tim Sweeney, ambao kihariri chake, yaani sehemu ya programu ambamo mbunifu hupanga mandhari kwa macho badala ya kuandika amri tupu, kiliwavutia waliotaka kukodi injini. Leseni za injini hizi ziligharimu mamia ya maelfu ya dola, na mara nyingi ziliambatana na mrabaha, yaani sehemu ya mapato ambayo mwenye injini hulipwa kila bidhaa inapouzwa, kiasi kwamba mtu mmoja aliyekuwa akiunda mchezo usiku baada ya kazi ya mchana hakuwa na nafasi hata ya kuulizia bei. Mlango mmoja uliokuwa wazi kwake ulitokana na desturi ya Carmack ya kutoa hadharani msimbo wa injini zilizokwisha kupitwa na wakati: wa Doom ulitolewa mwaka 1997, na wa Quake mwaka 1999 chini ya leseni ya GPL, inayoruhusu matumizi ya bure kwa sharti kwamba anayesambaza programu aliyoijenga juu ya msimbo huo autoe na msimbo wake pia. Sharti hilo lilikuwa neema kwa wanafunzi lakini halikumvutia aliyetaka kuuza mchezo na kuficha alivyoutengeneza. Injini mpya za kampuni hiyo nazo zilifungiwa ndani baada ya id Software kununuliwa na ZeniMax mwaka 2009, kwani tangu hapo zilitumika katika michezo ya kundi hilo pekee.

Wakati wakubwa wakikodishiana injini za picha za pande tatu, nyenzo nyingine ilikuwa imezaliwa chuoni. Mark Overmars, profesa wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi, alitoa mwaka 1999 programu iliyokuja kujulikana kama GameMaker, ambayo ilimwezesha asiyejua kuandika programu kuunda mchezo wa pande mbili kwa kuburuta na kupanga alama kwenye kioo, kisha kujifunza lugha yake ya maandishi kidogo kidogo. Wataalamu waliidharau kwa muda mrefu kama chombo cha watoto, dharau ambayo haikuwa na msingi, kwa sababu ndiyo iliyotumika kuunda toleo la kwanza la Spelunky mwaka 2008, Hotline Miami mwaka 2012 na Undertale ya Toby Fox mwaka 2015, michezo ambayo athari yake inazidi ile ya kazi nyingi zilizogharimu mamilioni.

Microsoft nayo ilijaribu kuwavuta wadogo kwa nyenzo iliyoitwa XNA, iliyotolewa bure mwaka 2006, ambayo haikuwa injini kamili bali mkusanyiko wa vipengele vya kujengea mchezo kwa lugha ya C#. Mwaka 2013 ikathibitika kwamba kampuni haitaiendeleza tena, na waliokuwa wamejenga kazi zao juu yake wakabaki na msingi usio na mwenyewe. Waliookolewa, waliokolewa na MonoGame, mradi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, ulioiga XNA kipengele kwa kipengele. Stardew Valley, mchezo wa mwaka 2016 ambao Eric Barone aliuunda peke yake kwa zaidi ya miaka minne, ulianza kwenye XNA na hatimaye ukahamishiwa MonoGame mwaka 2021.

Injini iliyobadilisha hali kwa upana zaidi ilitoka Copenhagen, ambako David Helgason, Nicholas Francis na Joachim Ante walianzisha kampuni mwaka 2004, wakatoa mchezo ulioitwa GooBall ambao haukufanikiwa sokoni, kisha wakagundua kwamba nyenzo walizojitengenezea zilikuwa na thamani kuliko mchezo wenyewe. Unity ilitangazwa mwaka 2005 ikiwa ya kompyuta za Apple peke yake, uamuzi ulioonekana wa ajabu kwa wakati ule, lakini Apple ilipofungua duka la programu za iPhone mwaka 2008, kampuni hii ndogo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwawezesha watengenezaji kupeleka michezo kwenye simu hiyo. Mwaka 2009 ilitoa toleo la bure kwa wenye mapato madogo, na mwaka 2010 ikafungua duka ambamo watumiaji waliuziana miti, majengo, sauti na vipande vya programu, hivyo kwamba asiyejua kuchora aliweza kununua michoro na kuendelea na kazi. Hollow Knight, uliotoka mwaka 2017 kwa kikundi kidogo cha Adelaide nchini Australia, na Among Us wa mwaka 2018, ni matunda ya mfumo huo. Lililo muhimu katika ulinganisho ni kwamba Unity haikudai mrabaha: aliyevuka kiwango fulani cha mapato alinunua leseni ya mwaka, na mchezo ulibaki wake.

Ushindani huo uliilazimisha Epic ishushe bei. Toleo la bure la kujifunzia lilitolewa mwaka 2009, na mwaka 2014 Unreal Engine 4 ikaanza kutolewa pamoja na msimbo wake kwa dola 19 kwa mwezi na mrabaha wa asilimia 5, kisha mwaka 2015 ada ya mwezi ikafutwa, na mwaka 2020 mrabaha ukasamehewa kwa dola milioni 1 za kwanza za kila mchezo. Kwa mtengenezaji mdogo, ambaye kwa kawaida hafikii kiwango hicho, Unreal imekuwa bure kwa maana kamili ya neno. Kikwazo kilichobaki ni uzito wake, kwani huchukua makumi ya gigabaiti na huhitaji kompyuta yenye nguvu, jambo ambalo anayepakua kwa bando la simu hulihisi kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Godot, ambayo jina lake limetoka katika tamthiliya ya Samuel Beckett, ilifuata njia tofauti kabisa. Juan Linietsky na Ariel Manzur waliijenga nchini Argentina kwa ajili ya kazi zao za kukodishwa, wakaitoa mwaka 2014 kwa leseni ya MIT, ambayo kinyume na GPL haimlazimishi mtumiaji kutoa msimbo wake wala kulipa chochote, ila kuhifadhi tangazo la hakimiliki. Kihariri chake hakifikii megabaiti 200, na lugha yake, GDScript, inafanana na Python. Kwa miaka mingi ilikuwa nyuma ya wenzake katika picha za pande tatu, pengo ambalo toleo la 4.0 la Machi 2023 lililipunguza bila kulifuta, na hadi leo kuhamisha mchezo kwenda PlayStation, Xbox au Nintendo Switch huhitaji msaada wa kampuni za nje, kwa sababu watengenezaji wa mashine hizo hufunga nyaraka zao kwa mikataba ya siri isiyopatana na msimbo ulio wazi.

Miezi sita baada ya toleo hilo, tarehe 12 Septemba 2023, Unity, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imeingia soko la hisa la New York na kuongozwa na John Riccitiello, ilitangaza ada mpya iliyohesabiwa kwa kila mchezo unaposakinishwa. Wenye leseni za chini wangedaiwa senti 20 za dola kwa kila usakinishaji baada ya mchezo kuvuka mapato ya dola 200,000 kwa mwaka na usakinishaji 200,000, maana yake mchezo wa bure unaoingiza senti 15 kwa kila mtumiaji ungezidiwa na deni lake kadiri unavyopendwa. Kilichokera zaidi ya kiwango ni kwamba ada hiyo ingetozwa hata kwa michezo iliyokwisha kuwa sokoni, wakati mwaka 2019 kampuni hiyohiyo ilikuwa imeahidi kwamba asiyepandisha toleo la injini ataendelea na masharti ya toleo lake. Wengi walishangaa kwamba jambo hilo liliwezekana, ingawa uwezekano ulikuwapo siku zote katika mkataba ambao upande mmoja huweza kuuandika upya.

Kampuni ilirudi nyuma siku kumi baadaye kwa kuyaondoa matoleo ya zamani katika ada na kuweka kikomo cha asilimia 2.5 ya mapato, na Oktoba Riccitiello akaondoka. Wakati huo Re-Logic, waundaji wa Terraria, walikwisha kutangaza mchango wa dola 100,000 kwa Godot na kiasi kama hicho kwa FNA, mradi mwingine huria wa kuiga XNA. Mega Crit, waliokuwa wametumia zaidi ya miaka miwili kuunda mchezo mpya kwa Unity, walionya hadharani kwamba watahama masharti yasipobadilishwa kabisa, na mwaka 2024 walipoutambulisha mchezo wao wa Slay the Spire 2, injini yake ilikuwa Godot. Tarehe 12 Septemba 2024, mwaka mmoja kamili tangu tangazo lile, mkurugenzi mpya wa Unity, Matthew Bromberg, aliifuta ada hiyo yote kwa upande wa michezo na kuinua kikomo cha leseni ya bure hadi mapato ya dola 200,000 kwa mwaka. Katika tangazo hilohilo bei ya leseni ya Pro ilipandishwa kwa asilimia 8 kuanzia Januari 2025.