Ukungu mtamu, kifua kizito: historia fupi ya mzio kwenye mashamba ya mizabibu

Kuna ukungu wa kijivu uitwao Botrytis cinerea. Kama umewahi kusahau stroberi kwenye friji siku kadhaa, umeshaonana nao. Mkulima wa zabibu za kula akiuona anashika kichwa, lakini kando ya mto Rhine, Ujerumani, wapo wanaoungoja kwa hamu. Ukungu huu hutoboa ganda la zabibu, maji yanatoka, sukari inabaki. Inasimuliwa kwamba mwaka 1775 mjumbe aliyetumwa Fulda kuchukua kibali cha kuvuna shamba la Schloss Johannisberg alichelewa kurudi. Zabibu zikaanza kuoza mtini, zikakamuliwa hivyohivyo, na divai ikatoka tamu ajabu.

Hadithi hiyo ina mjumbe, kibali na divai. Mchumaji hayumo. Na yeye ndiye anayeinamia kila kichala, akichagua punje zilizooza moja moja, huku vumbi la ukungu likimpanda puani. Ilibidi tufike mwaka 1987 ndipo madaktari wa Austria waeleze kitaalamu ugonjwa wa mapafu wa wachaguaji hao, na chanzo chake kilikuwa mbegu za ukungu uleule wenye sifa.

Kwa nini ilichukua muda wote huo? Sababu moja ni kwamba ugonjwa wenyewe unajificha. Mtu anafanya kazi asubuhi akiwa mzima, saa chache baadaye anapata homa, kikohozi, na kifua kinabana. Anasema ni mafua. Akipumzika siku mbili anapona, akirudi shambani linarudi. Hapa kinga ya mwili inapigana na kitu ambacho hakikuja kumwambukiza mtu, na uwanja wa vita ni mapafu yenyewe. Vita vikirudiwa misimu mingi, mapafu yanaweza kubaki na makovu.

Sababu ya pili ni kwamba neno lenyewe halikuwepo. Neno aleji, yaani mzio, lilibuniwa na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, mwaka 1906. Ila swali la kumfikisha daktari kwenye jibu lilikuwepo zamani. Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini wa Modena, Italia, aliandika kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akawasihi madaktari wenzake wamuulize mgonjwa: unafanya kazi gani? Swali dogo, na hadi leo kuna foleni nyingi za kliniki ambazo linasahaulika.

Karne ya 19 mizabibu ya Ulaya ikapata misiba mfululizo. Kwanza ubwiri unga, ulioonekana Uingereza mwaka 1845. Kufika 1854 mavuno ya Ufaransa yalikuwa yameporomoka vibaya. Dawa ikawa kunyunyiza salfa ya unga, kitu ambacho wakulima wetu wa korosho kule Mtwara wanakijua vizuri, pamoja na macho yanavyowasha. Kisha, mwaka 1878, ukaingia ubwiri vinyoya kutoka Amerika. Huu tiba yake ilitokana na wizi: wakulima wa Médoc walikuwa wakipaka mizabibu ya kando ya barabara mrututu na chokaa ili wapita njia waone rangi ya kutisha wasiibe zabibu. Mtaalamu wa mimea Millardet akagundua kwamba mizabibu hiyo haiugui. Mwaka 1885 akatangaza dawa, na wafanyakazi wakabebeshwa mabomba mgongoni. Miaka 84 baadaye, madaktari wawili wa Ureno, Pimentel na Marques, walieleza ugonjwa wa wapuliziaji hao: shaba ya mrututu ilikutwa ndani ya mapafu yao. Huu si mzio wa kawaida, lakini nauweka hapa kwa sababu njia ni ileile. Kinachookoa mzabibu kinapitia kwanza kifuani mwa mtu.

Baada ya Vita vya Pili zikaja sumu kali za wadudu, na hapa mambo yanachekesha kidogo, kama si ya kuliza. Sumu hizo ziliua pia wadudu wanaokula utitiri, na utitiri ukastawi. Katika zabibu za mezani za Western Cape, Afrika Kusini, kina Mohamed Jeebhay wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha mwaka 2007 utafiti ulioonyesha kwamba wafanyakazi wa mashamba hupata mzio wa utitiri huu, Tetranychus urticae. Ni jamaa yuleyule anayesumbua nyanya zako.

Mkoa huo una TB nyingi, kwa hiyo kikohozi cha mchumaji hufikiriwa TB kwanza. Ni sahihi kupima TB. Tatizo ni pale makohozi yakitoka safi, mtu akapewa dawa ya kikohozi na kurudishwa kwenye mstari uleule. Na kibarua wa msimu akisema shamba linamkaba, anajua msimu ujao huenda asiitwe.

Kuthibitisha hakuhitaji mashine ya ajabu. Kuna kibomba kidogo cha plastiki cha kupuliza, kinachopima kasi ya pumzi. Mgonjwa anapuliza angalau mara nne kwa siku, wiki mbili au zaidi, siku za kazi na za mapumziko, akiandika namba. Ukichora namba hizo kwenye karatasi na ukaona zinashuka siku za shamba na kupanda siku za nyumbani, unajua pa kuanza kutafuta.