Soma Nikusikie: Historia ya Kusoma Majumbani Mwetu Kintinku

Wanakikundi wenzangu wameniomba mimi mwenyekiti niandike kuhusu jambo ambalo wageni wetu huliulizia kila mara: kwa nini kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kina kapu la vitabu vya watoto kando ya sanduku la hisa. Elimu yangu ni ya darasa la saba tu, kwa hiyo kalamu ikiteleza mnisamehe.

Historia hii haikuanza na kikundi. Ilianza na mama zetu. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na lengo likawa kufuta ujinga huo ifikapo mwisho wa 1975. Mama yangu alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Alitoka shambani jioni, mdogo wangu mgongoni, daftari limefungwa kwenye kanga, akaenda ngumbaru. Akajua kuandika jina lake. Lakini nyumbani hapakuwa na cha kusoma ila karatasi za kufungia sukari, na baada ya miaka michache herufi zikaanza kumkimbia.

Waliomrudishia ni sisi watoto. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aende shule, na utekelezaji wake ulipoanza mwaka 1977 madarasa yalijaa pomoni. Mimi niliingia darasa la kwanza 1978. Tulikaa chini, kitabu kimoja watu watano. Mwalimu angemsikiliza nani na kumwacha nani? Aliyenisikiliza ni mama. Yeye anasonga ugali, mimi niko karibu na koroboi. "Soma nikusikie," anasema. Nikikosea pengine asijue, lakini nikisita alijua. Nikimaliza ananiambia, "Haya, sasa nieleze kwa Kigogo limesema nini." Nikishindwa, ananirudisha mwanzo. Barua za kaka zikiletwa na treni kutoka Dar es Salaam tulizisoma wawili, yeye akifuata kwa kidole.

Sasa niseme la aibu yangu. Nilipopata mtoto wangu wa kwanza sikufanya kama mama. Biashara ya nyanya pale stesheni ilinibana, nikajiambia kusoma ni kazi ya mwalimu. Jioni nilimuuliza: umechota maji? Umekula? Daftari sikulifungua. Alikuwa darasa la nne siku nilipomwambia asome. Akasoma vizuri kabisa, nami nikafurahi. Kisha nikaifunika picha kwa kiganja. Kimya. Kumbe alikuwa anasoma picha, na mengine ameyakariri. Nikampiga, nikidhani ni uvivu. Kipigo hakikumfundisha hata silabi moja, kilimfanya achukie kitabu. Leo ni mtu mzima mwenye familia, na meseji zangu anasomewa na mkewe.

Kikundi chetu tulikianza mwaka 2015. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imekwishaondolewa tangu 2002, lakini ada ya sekondari na michango vilitutoa jasho, na mikopo mingi ilikwenda huko. Januari 2016 elimu ikawa bila ada mpaka kidato cha nne. Tukashangilia, tukadhani kazi imekwisha.

Hatukukaa sana. Mwanakikundi mwenzetu mmoja, bibi anayesaini kwa dole gumba, alikuja mkutanoni na mjukuu wake wa darasa la pili. Mtoto akachukua kijitabu cha bibi, akasoma tarakimu kwa sauti, kisha akasema, "Bibi, mbona rejesho la juzi halimo?" Tukakagua. Kweli halikuandikwa, na aliyesahau ni mimi mwenyewe. Nililisahihisha mbele ya wote. Bibi alicheka mpaka machozi. Lakini usiku sikulala: je, asingekuja na mtoto yule?

Mkutano uliofuata tulikubaliana kutoa fedha katika mfuko wa jamii tununue vitabu vya hadithi. Tukajiwekea na utaratibu huu, ambao hata asiyejua kusoma anauweza:

Kwanza, kila jioni mtoto asome kwa sauti, hata dakika kumi, na mtu mzima akae amsikilize.

Pili, funika picha.

Tatu, akimaliza aeleze kwa Kigogo, au kwa lugha ya nyumbani, alichosoma.

Nne, hesabu zifanyike kwa visoda, kwa mbegu, na kwa chenji ya dukani.

Tano, akikosea hachekwi wala hapigwi.

Sitadanganya kwamba wote tunafuata. Msimu wa mpunga watoto wanakwenda kuamia ndege, wanarudi wamechoka, na kapu linakaa wiki nzima bila kuguswa. Vitabu vingine vimeliwa na mchwa. Hata hivyo siku ya hisa watoto huja wenyewe kulitafuta kapu, na yule bibi mwaka jana aliacha dole gumba. Ameandika jina lake kwa mkono wake, herufi zimepinda kama njia ya mbuzi, lakini ni lake.

Akina mama wenzangu, hisa tunagawana kila mwaka na zinakwisha. Hili la kusoma halina mgao. Leo jioni, kabla ya kulala, mwambie mtoto: soma nikusikie.