Gitaa Moja, Ua Mmoja
Katika miaka ya 1950, bwawa la Nzilo lilipokuwa bado jipya, burudani iliyopendwa katika kambi za wachimbaji shaba ilikuwa gitaa kavu, lisilo na umeme. Mwaka 1952, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Kiswahili za Jean-Bosco Mwenda, aliyepiga nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada. Gitaa moja lilikusanya uani watu wa makabila mengi. Mtindo huo ukapita. Mwaka 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi. Kusikiliza pamoja hakukutosha kutuzuia. Leo kila mmoja ana nyimbo zake sikioni. Je, tutajuana wapi?