Msaliti Aliyesikiliza Nyimbo za Jirani

Mtu huitwa msaliti kwa kuuza siri za nchi yake, au kwa kupokea fedha za adui. Juma hili tumtazame mtu aliyeshambuliwa kama msaliti kwa sababu alisikiliza nyimbo za jirani.

Huyu ni Béla Bartók, mtunzi wa muziki wa Hungaria. Alizaliwa mwaka 1881 katika mji mdogo wa Nagyszentmiklós. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 7, akalelewa na mama yake, mwalimu wa shule, ambaye ndiye aliyemfundisha piano. Ujanani alikuwa mzalendo wa kupindukia. Mwaka 1903 alitunga muziki wa kumtukuza Lajos Kossuth, kiongozi wa mapambano ya mwaka 1848 dhidi ya utawala wa Austria.

Siku hizo wakubwa wa Budapest waliamini kwamba muziki wa asili wa Hungaria ni ule uliopigwa mikahawani na bendi za Wajipsi. Mwaka 1904 Bartók alimsikia yaya mmoja, Lidi Dósa, akiimba wimbo wa kijijini kwao. Wimbo ule haukufanana na muziki wa mikahawani hata kidogo. Kumbe hazina ilikuwa kwa wakulima, na wasomi hawakuwa na habari!

Yeye na rafiki yake Zoltán Kodály wakaanza kuzunguka vijijini na mashine ya Edison, iliyonasa sauti kwenye silinda za nta. Kazi haikuwa nyepesi. Katika barua ya mwaka 1907, Bartók anasimulia kwa mzaha alivyombembeleza mama mmoja amwimbie wimbo wa zamani, akaambulia nyimbo za kanisani. Hata hivyo aliendelea. Alikusanya nyimbo za Wahungaria, kisha za Waslovakia na Warumania. Mwaka 1913 alikwenda Biskra, Algeria, kuwasikiliza Waarabu, na mwaka 1936 akaenda Uturuki.

Hapo katikati ndipo yalipomkuta. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 uliinyang'anya Hungaria kiasi cha theluthi mbili ya ardhi yake. Hata mji aliozaliwa Bartók ukawa wa Rumania. Katika siku hizo hizo za uchungu, makala yake juu ya muziki wa Warumania wa Hunyad ikachapishwa kwa Kijerumani. Wazalendo wa Budapest wakamjia juu magazetini: Mhungaria gani huyu anayeshughulikia nyimbo za watu waliochukua nchi yetu? Bartók alijibu hadharani, na kazi yake hakuiacha.

Alichokigundua ndicho kilichowaudhi. Wimbo wa Wahungaria ukivuka mpaka, Waslovakia huuimba kwa namna yao. Ukirudi, hurudi na sura nyingine, na Wahungaria huupokea tena kama wao. Mwaka 1942 aliandika makala akieleza kwamba kuchanganyika huko ndiko kunakoutajirisha muziki, na kwamba muziki uliotengwa hudumaa. Fikiria, msikilizaji, maneno hayo yaliandikwa wakati Hitler akiua watu kwa jina la usafi wa damu.

Wakati huo Bartók alikuwa tayari ameikimbia nchi yake. Aliondoka mwaka 1940 kwenda Marekani, akiacha wosia kwamba barabara yoyote isipewe jina lake maadamu Budapest ina mahali penye majina ya Hitler na Mussolini. Huko New York aliishi kwa shida, akiugua saratani ya damu. Mwaka 1943, akiwa mgonjwa, alitunga Konseto ya Okestra, ambayo hadi leo hupigwa duniani kote. Alifariki Septemba 1945, na mwaka 1988 mwili wake ukarudishwa na kuzikwa Budapest.

Wasikilizaji, waliomzomea walidai kuipenda Hungaria kuliko yeye. Lakini ni yeye aliyekwenda kwa wakulima wa Hungaria, akaketi nao, akazihifadhi nyimbo zao zisipotee. Kuzijua za jirani hakukumpunguzia mapenzi ya kwao. Ndiko kulikomwezesha kujua zipi ni za kwao, na zipi waliazimana.

Tukutane juma lijalo.